Transiva ya USB: Nyaya Zake na Mpangilio wa Kuiwasha

Ndani ya prosesa nyingi zinazotumika katika vifaa vidogo vya elektroniki mna sehemu inayoielewa itifaki ya USB, yaani kanuni za mazungumzo kati ya kompyuta na kifaa kilichochomekwa, lakini hamna sehemu yenye uwezo wa kuyapeleka mazungumzo hayo kwenye kebo kwa kasi ya juu. Kazi hiyo ya pili huachiwa chipu ya pekee iitwayo transiva, ambayo upande mmoja hutuma na kupokea ishara za umeme kupitia nyaya mbili za data, na upande wa pili huongea na prosesa kwa biti. Mgawanyo huu ulisababishwa zaidi na USB 2.0, iliyotolewa mwezi Aprili 2000, ambayo ilipandisha kasi kutoka megabiti 12 hadi megabiti 480 kwa sekunde. Saketi ya kasi hiyo hudai mkondo wa umeme uliopimwa kwa uangalifu na saa ya ndani yenye masafa ya juu sana, na saketi za namna hiyo ni ghali kuzijenga juu ya kipande kimoja cha silikoni pamoja na prosesa ya kawaida. Ndiyo maana STM32F407 ya kampuni ya STMicroelectronics ina transiva ya ndani inayoishia megabiti 12, na anayetaka megabiti 480 hana budi kuongeza ya nje. Familia ya Zynq-7000 ya Xilinx haina ya ndani kabisa.

Kwa umbo transiva hizi ni ndogo. USB3300 na USB3320, zote mbili kazi ya kampuni ya SMSC iliyonunuliwa na Microchip mwaka 2012, zina pini 32 katika kifuko cha mraba chenye milimita 5 kila upande. Hata hivyo, kwenye mraba huo hukutana umeme wa volteji kadhaa, mapigo ya saa ya aina mbili, nyaya kumi na mbili za kwenda kwa prosesa na jozi moja ya nyaya inayotoka nje kwenda mikononi mwa mtumiaji. Miongozo ya ubunifu huligawa suala la kuiunganisha chipu hii mafungu mawili, fungu la nyaya na fungu la mpangilio wa kuwasha umeme, na kila fungu hupewa sura yake kana kwamba halijuani na lingine. Mgawanyo huo unapotosha. Hitilafu nyingi zinazowasumbua wabunifu huzaliwa katika kipindi kifupi ambacho prosesa imeshapata umeme na transiva bado, au kinyume chake, na katika kipindi hicho waya uliochorwa kuwa njia ya data hugeuka kuwa njia ya umeme.

Kabla ya kufika huko inafaa kueleza nyaya zenyewe. Mfumo wa kwanza wa kuunganisha prosesa na transiva ya kasi ya juu uliitwa UTMI, na ulibuniwa kwa matumizi ya ndani ya chipu, ambako waya mmoja zaidi haugharimu kitu. Transiva ilipohamishwa nje ya prosesa, wingi wa nyaya za UTMI ukawa mzigo, kwa kuwa kila waya ni pini na kila pini ni pesa. Jibu lilikuwa ULPI, mfumo uliopunguza nyaya hadi 12, ambao toleo lake la 1.1 lilitoka mwezi Oktoba 2004 na bado ndilo linalotumika. Nyaya nane ni za data, zikipita biti nane kwa mpigo. Mmoja ni wa saa, wenye masafa ya megahezi 60. Na tatu zilizobaki, DIR, NXT na STP, ni za kupanga zamu. DIR humilikiwa na transiva: ikiwa juu, transiva ndiyo yenye zamu ya kuandika kwenye nyaya nane, na ikiwa chini, zamu ni ya prosesa. NXT ni ya transiva kukiri kwamba baiti imepokewa na inayofuata iletwe, na STP ni ya prosesa kutangaza kwamba imemaliza au kwamba inataka transiva inyamaze.

Prosesa inapotaka kutoa amri huweka baiti moja kwenye nyaya za data, na biti mbili za juu za baiti hiyo ndizo zinazotaja aina ya amri: 01 ni kutuma data kwenye kebo, 10 ni kuandika kwenye rejista ya transiva, na 11 ni kusoma rejista. Baiti ya sifuri tupu ndiyo ukimya. Hapa pana jambo ambalo msomaji anapaswa kulishika, kwa kuwa linarudi kila mahali: katika ULPI ukimya si kutokuwepo kwa ishara, bali ni ishara yenyewe, yaani nyaya zote nane zikiwa zimeshikwa chini. Nyaya zikiachwa zikielea, kama zinavyoelea pini za prosesa ambayo programu yake haijaanza, transiva inaweza kusoma upuuzi wowote kuwa ni amri. Waliotunga ULPI waliliona hilo. Transiva hutakiwa kuwa na vikinza dhaifu vya ndani (kikinza ndicho mafundi wanachokiita rezista) vinavyoivuta STP juu na nyaya za data chini pale prosesa isiposhika chochote, na STP iliyo juu humaanisha kwamba lolote litakaloonekana kwenye nyaya za data lipuuzwe. Ulinzi huo ni mzuri, lakini una sharti moja ambalo halisemwi kwa sauti: unafanya kazi tu ikiwa transiva yenyewe ina umeme.

Umeme wa transiva una makundi. USB3300 ni rahisi zaidi, kwa sababu hulishwa volti 3.3 peke yake na kujitengenezea volti 1.8 kwa regulata za ndani. USB3320 ina milango mitatu: wa kwanza, VBAT, hupokea kati ya volti 3.1 na 5.5 na kupitia regulata ya ndani huzalisha volti 3.3 kwa ajili ya saketi inayogusa kebo. Wa pili, VDD18, hupokea volti 1.8 kwa ajili ya ubongo wa chipu. Na wa tatu, VDDIO, huamua volteji ya nyaya kumi na mbili zinazokwenda kwa prosesa, kuanzia 1.8 hadi 3.3. Mlango huu wa tatu ndio uliowafanya wabunifu wengi waipende USB3320, kwa kuwa inaweza kuunganishwa na STM32 yenye pini za volti 3.3 na vilevile na Zynq ambayo kwenye bodi nyingi pini zake za USB hufanya kazi kwa volti 1.8. TUSB1210 ya Texas Instruments, iliyotumika kwenye bodi ya ZedBoard, haina uhuru huo. Upande wake wa prosesa ni volti 1.8 tu, na anayeiunganisha na prosesa ya volti 3.3 bila kibadilisha-volteji anaihatarisha siku ya kwanza.

Uhuru wa VDDIO, hata hivyo, ndio unaoleta mtego. Mbunifu akiwa na regulata moja inayolisha prosesa na nyingine inayolisha VDDIO ya transiva, regulata hizo mbili haziwezi kufika kileleni kwa wakati mmoja hata zikiwa za aina moja, kwa kuwa kapasita zinazozibeba hazilingani na mizigo yake hailingani. Mara nyingi ya pili huwekewa swichi ili transiva izimwe kifaa kikiwa kimepumzika, na hapo tofauti ya wakati si milisekunde tena, ni saa nzima. Katika kipindi hicho prosesa iko hai, na baadhi ya pini zake zimeshikwa juu kwa volti 3.3. Katika chipu nyingi kila pini ina dayodi ya kinga inayotoka kwenye pini kwenda kwenye njia ya umeme ya pini hizo, ambayo iliwekwa ili chaji ya vidole vya binadamu ipate pa kukimbilia. Dayodi haijui tofauti kati ya chaji ya vidole na pini ya prosesa. Ikiona pini iko juu na njia ya umeme iko chini, hufunguka, na umeme wa prosesa humiminika kupitia waya wa data hadi kwenye VDDIO ambayo inasemekana imezimwa.

Hesabu yake ni fupi na inastahili kufanywa. Dayodi hukata karibu volti 0.7, kwa hiyo volti 3.3 iliyoingia hutoka ikiwa volti 2.6, au pungufu kidogo kulingana na mkondo unaovutwa. VDDIO ya USB3320 imeruhusiwa kufanya kazi kuanzia volti 1.8. Maana yake ni kwamba chipu yenye dayodi za namna hiyo, iliyozimwa kwenye mchoro, inaweza kuwa nusu hai kwenye bodi: upande wake wa pini unajiona umewashwa, ubongo wake hauna umeme, na hakuna mwongozo unaoeleza itafanya nini katika hali hiyo kwa sababu haikukusudiwa kuwapo. Mkondo unaopita kwenye dayodi nao ukizidi kiasi unaweza kuamsha ndani ya silikoni njia ya mkato kati ya umeme na ardhi ambayo, ikishafunguka, haifungi mpaka umeme wote ukatwe. Chipu huwa ya moto kuguswa, na mara nyingi haiponi.

Lakini kuungua si balaa kubwa, kwa sababu chipu iliyoungua hutambulika. Balaa kubwa ni ya chipu isiyoungua. Transiva nyingi zina saketi ya kujiriseti zenyewe umeme unapoingia, nayo hufanya kazi kwa kuangalia volteji ikipanda kutoka chini hadi juu. Ikiwa volteji haikushuka hadi chini, kwa kuwa umeme wa mlango wa nyuma uliishikilia katikati, saketi hiyo haioni kupanda kokote na hairiseti chochote. Transiva huamka ikiwa na rejista zenye mabaki ya maisha yaliyopita. Dalili yake ni ile inayowachosha mafundi wengi: kifaa hufanya kazi vizuri kikichomekwa baada ya kukaa muda mrefu bila umeme, na hukataa kikizimwa na kuwashwa haraka. Fundi asiyeijua chemchemi ya tatizo humtafuta mchawi kwenye programu, huongeza sekunde mbili za kusubiri hapa na tatu pale, na siku joto la chumba linapobadilika tatizo hurudi.

Dawa ya kwanza ni ya nyaya, si ya mpangilio: VDDIO ya transiva na umeme wa pini za prosesa zinazoongea nayo vitoke kwenye regulata moja, kwa njia moja ya shaba, ili visiweze kutofautiana. Hapo swali la nani awashwe kwanza kati ya pini za pande mbili hufutika. Ikiwa ni lazima transiva izimwe peke yake, basi programu iweke pini zote za ULPI chini au ziachwe bila kushikwa kabla swichi haijakata, na kapasita za VDDIO ziwekewe kikinza cha kuzimwagia chaji ili volteji ishuke hadi sifuri kweli. Anayetegemea kwamba itashuka yenyewe apime kwa osiloskopu kwanza. Kapasita ya kauri isiyo na mzigo inaweza kukaa na chaji yake kwa muda ambao humshangaza hata mzoefu.

Dawa ya pili ni riseti, na hapa ndipo mpangilio unapokuwa na maana. Pini ya riseti ishikwe katika hali ya kuzuia tangu umeme unapoanza kupanda hadi milango yote ya umeme itakapotulia na saa ya rejeo itakapokuwa inapiga. Saa ya rejeo ni ile inayotoka kwenye kristali au kwenye chipu ya mapigo, ambayo transiva huizidisha kupata masafa yake ya ndani. USB3300 hutumia megahezi 24, ambayo ikizidishwa mara 20 inatoa 480, na USB3320 huweza kuchaguliwa mojawapo ya masafa kadhaa kwa kuzifunga pini tatu za uteuzi juu au chini. Riseti ikiachiliwa kabla saa haijatulia, kizidishi hicho hujaribu kushikamana na kitu kinachoyumba. Ikiachiliwa kwa wakati wake, transiva hupandisha DIR juu kuonyesha kwamba bado haiko tayari, na inaposhikamana huishusha DIR na kutoa mapigo ya megahezi 60. Kushuka huko kwa DIR ndiko kunakopaswa kusubiriwa na programu, badala ya kuhesabu milisekunde za kubahatisha.

Kinachotokea pasipo na mapigo hayo kinaonekana wazi kwenye STM32. Sehemu ya USB iliyo ndani ya prosesa, inapotumia transiva ya nje, huendeshwa na saa ya megahezi 60 inayoletwa na transiva hiyohiyo. Programu huanza kwa kuandika biti ya kuiriseti sehemu hiyo na kungoja biti ijifute yenyewe kuwa ishara kwamba kazi imekwisha. Saa ikikosekana, riseti haina mapigo ya kuiendesha, biti haijifuti, na programu huishia kwenye kosa la muda kupita. Mtu anayesoma programu huona mstari wa msimbo uliogoma. Huyo aliyegoma kwa kweli ni kristali isiyopiga, au pini ya riseti iliyoachwa bila kuunganishwa, au VDD18 ambayo haikufika. Hali hii hutokea pia bila hitilafu yoyote ya umeme. Transiva iliyolazwa usingizi na programu husimamisha saa yake kusudi ili kuokoa umeme. Prosesa ikianza upya kwa riseti ya ndani, huku transiva haijui kwamba kumetokea lolote, prosesa hungoja saa kutoka kwa chipu iliyolala. Bodi ambayo riseti ya transiva imefungwa kwa kikinza na kapasita tu, bila waya unaotoka kwa prosesa, haina njia nyepesi ya kutoka hapo ila kuchomoa umeme.

Upande wa kebo una kanuni zake za mpangilio, na hizi zimeandikwa katika waraka wa USB wenyewe. Waya wa VBUS hubeba volti 5 kutoka kwa kompyuta au kifaa kingine kinachokuwa mwenyeji. Kifaa kinachochomekwa kinaruhusiwa kuvuta miliampea 100 kabla hakijatambulishwa na hadi 500 baada ya kukubaliwa, na kapasita zake kwenye VBUS ziwe kati ya mikrofaradi 1 na 10, kwa kuwa kapasita kubwa zaidi hunyonya mkondo mwingi kwa ghafla na kuiangusha volteji ya vifaa vingine. Mwenyeji, kinyume chake, hutakiwa kuwa na mikrofaradi 120 au zaidi. Mbunifu wa bodi inayoweza kucheza nafasi zote mbili hukwama hapa, kwani kapasita ya mwenyeji inakiuka sheria ya kifaa. Njia inayofaa ni kuiweka kapasita kubwa nyuma ya swichi ya VBUS, upande wa ndani, ili kebo isiione bodi inapokuwa kifaa. Swichi hiyo huamriwa na transiva kupitia pini iitwayo CPEN, ambayo nayo huamriwa na rejista, na kwa hiyo haifunguki mpaka nyaya za ULPI ziwe zimefanya kazi. Huo ni mpangilio mzuri uliojengwa ndani ya nyaya zenyewe, na kuuvunja kwa kufunga swichi ya VBUS moja kwa moja kwenye umeme, kama zilivyofanya bodi kadhaa za bei nafuu, ni kujinyima uwezo wa kumzima na kumwasha mgeni aliyekwama.

Kifaa chenye betri au chaja yake kina sheria moja zaidi ambayo huvunjwa sana: hakiruhusiwi kupeleka umeme kwenye nyaya za kebo ambayo VBUS yake haina volti. Kifaa hujitambulisha kwa kuuvuta waya wa D+ juu kwa kikinza cha kilo-omu 1.5, na kama kikinza hicho kiko kazini wakati kompyuta imezimwa, umeme wa kifaa hupenya hadi ndani ya kompyuta kwa njia ileile ya dayodi iliyokwisha elezwa. Kwa hiyo transiva lazima iione VBUS. Katika USB3320 pini ya kuiona haifungwi moja kwa moja kwenye volti 5, bali hupitia kikinza kiitwacho RVBUS ambacho thamani yake hutegemea kama bodi ni kifaa au mwenyeji, na anayenakili thamani kutoka kwenye bodi ya nafasi tofauti hupata vipimo vya uongo. Thamani za mwanzo za rejista za ULPI zimekaa upande wa usalama: baada ya riseti, vikinza vya kuvuta chini vya nyaya zote mbili vimewashwa na cha kuvuta juu kimezimwa, hivyo transiva iliyorisetiwa ipasavyo haimsumbui yeyote.

Kuhusu uchoraji wa nyaya kwenye bodi, mambo mengi yameshasemwa na wengine na yanaweza kupitwa kwa haraka. Jozi ya D+ na D- ichorwe sambamba, juu ya tabaka la ardhi lisilokatika, kwa impidansi ya omu 90 kati ya waya na mwenzake. Isiwe na matawi, na kinga ya chaji ya vidole iliyo karibu na soketi iwe ya aina isiyobeba kapasitansi kubwa. Nyaya za ULPI ni suala la muda. Pigo moja la megahezi 60 lina nanosekunde 16.67, na transiva inayotoa saa yenyewe inaweza kudai ishara zinazoingia ziwe zimetulia nanosekunde 6 kabla ya pigo linalofuata, hivyo prosesa imebakiwa na nanosekunde 10.67 za kupokea pigo, kuandaa baiti na kuifikisha. Ishara kwenye bodi ya kawaida husafiri takribani sentimita 15 kwa nanosekunde, na kwa kuwa pigo linakwenda na data inarudi, kila sentimita 7.5 za umbali hula nanosekunde nzima. Transiva na ikae karibu na prosesa; urefu wa nyaya upunguzwe kwanza, kisha ndipo ulinganishwe.

Kosa la kubadilisha D+ na D- lina sura yake ya pekee. Kifaa cha megabiti 12 huvuta D+, na cha kasi ya chini ya megabiti 1.5 huvuta D-. Nyaya zikipishana, kompyuta humwona mgeni wa kasi ya chini asiyejibu lolote la maana. Fundi anayeiona dalili hiyo hana haja ya kugusa programu. Makosa ya kasi ya juu, kwa upande mwingine, hujificha. Kifaa huingia kwenye megabiti 480 kwa mabishano mafupi wakati wa riseti ya basi, ambamo kifaa hutoa mlio wa umeme na mwenyeji hujibu kwa milio inayopishana. Mabishano yakishindikana, pande zote mbili hubaki kimya kwenye megabiti 12, na mtumiaji huona tu kwamba mambo yanakwenda polepole. Mojawapo ya sababu ni kikinza cha rejeo, kijulikanacho kama RBIAS, ambacho huweka kipimo cha mkondo wa transiva: USB3300 hutaka kilo-omu 12.0 na USB3320 hutaka kilo-omu 8.06, zote kwa usahihi wa asilimia 1. Mtu aliyebadilisha chipu moja kwa nyingine akaacha kikinza cha zamani hupata ishara zenye kimo kisicho sahihi. Atapata pia riseti iliyogeuka, kwa kuwa pini ya USB3300 huriseti ikiwa juu na ya USB3320 huriseti ikiwa chini. Kunakili mchoro si aibu, na karibu kila bodi duniani ina ukoo na bodi nyingine; aibu ni kunakili bila kusoma karatasi ya data ya chipu iliyowekwa.

Bodi mpya inapofika mezani, jaribio la kwanza liwe la kusoma kitambulisho. Rejista nne za mwanzo za ULPI hubeba namba ya mtengenezaji na ya bidhaa, na USB3320 hutoa 0424 na 0007 kwa hesabu ya msingi wa kumi na sita. 0424 ilikuwa namba ya SMSC na haikubadilishwa baada ya ununuzi. Kiini cha Linux hufanya jaribio lingine kabla ya hilo: huandika AA kwenye rejista ya majaribio, iliyo kwenye anwani 16 kwa hesabu hiyohiyo, na kuisoma tena. Jaribio hili la pili lina udhaifu unaofaa kutazamwa kwa karibu. Tuseme nyaya za data namba 1 na namba 2 zimepishana kwenye bodi. Amri ya kuandika kwenye rejista hiyo ni baiti 96, na amri ya kuisoma ni D6. Katika baiti zote mbili biti ya 1 na ya 2 zinalingana, kwa hiyo kupishana hakuzibadilishi. Data yenyewe hupishana inapokwenda na kupishana tena inaporudi, ikawa kama ilivyokuwa. Jaribio hupita, na bodi ni mbovu. Kitambulisho hakidanganyiki, kwa kuwa husafiri upande mmoja tu: baiti 24 inayotoka kwa transiva hufika ikiwa 22, na anayeziandika namba hizo mbili kwa biti huona mara moja ni nyaya zipi zilizokosewa. Ikifika 04, waya namba 5 umegusana na ardhi. Zikirudi FF au 00 kila mara, tatizo si la data bali la saa, riseti au umeme, na fundi arudi mwanzo wa mlolongo.

Mlolongo wenyewe, ukisomwa kwa mpangilio wa wakati, hauna utata: umeme wa pini za pande mbili upande pamoja, ufuatwe na milango mingine ya transiva kwa utaratibu unaotajwa na karatasi yake ya data, saa ya rejeo itulie, riseti iachiliwe, DIR ishuke, kitambulisho kisomwe, na mwisho kabisa ndipo VBUS ifunguliwe au D+ ivutwe juu. Katika hatua za kuiamsha transiva yenyewe ni moja tu inayoweza kurudiwa na programu bila kukata umeme, nayo ni riseti. Kwa hiyo mbunifu aliyebakiwa na pini moja ya prosesa, akiwa anajiuliza kama aitumie kwa taa ya kuonyesha, kwa kitufe, au kwa waya wa riseti ya transiva, aichague riseti, aiwekee kikinza cha kuishikilia katika hali ya kuzuia pale prosesa inapokuwa bado haijaamka, na taa aitafutie mahali pengine.